Mashine Namba Arobaini na Saba

Ukikutana na shemeji yangu njiani, usitegemee akutazame usoni kwanza. Atakutazama kifuani. Kabla hajauliza habari za nyumbani, ameshajua shati lako lilishonwa na fundi wa namna gani, tundu lipi la kifungo limeanza kufumuka, na kama una mke anayekujali au unajitegemea. Mimi alinipima hivyo siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha. Nimevaa shati langu la maana, nimejipaka marashi, naye akainama, akashika tundu la tatu kutoka juu, akasema, "Shem, hili limekatwa na panya." Ndugu zangu bado wanalicheka hilo, na wengine wana wajukuu.

Kaka yangu ameshafariki, huu ni mwaka wa tisa. Alimwachia shemeji binti mmoja, vyumba viwili vya kupanga na deni dogo kwa muuza mkaa. Mashine si yeye aliyemwachia. Mashine shemeji aliinunua mwenyewe, na hilo naomba likae vizuri kichwani, maana habari yote inazunguka hapo.

Ni mashine ya kutengeneza matundu ya vifungo. Usiiite cherehani mbele yake. Cherehani inashona chochote, hii inajua kazi moja tu. Unaiwekea kitambaa, inashona kuzunguka pale tundu litakapokaa, halafu kisu kidogo kinashuka katikati kinapasua, basi. Ina mota, ina meza yake ya chuma, na watu wawili wenye afya wakiibeba lazima watukanane njiani. Aliinunua kwa fundi mzee aliyekuwa anapoteza macho, akalipa kidogo kidogo miaka miwili. Kila akipeleka pesa, mzee alichora mstari wa chaki nyuma ya mlango wa duka lake. Mistari ishirini na nne. Ndiyo ilikuwa risiti yenyewe. Mzee alipokufa wanawe wakauza duka, na mwenye duka mpya akaupaka ule mlango rangi ya kijani.

Kwa mashine hiyo alimlea binti. Kiwanda cha sare kilichokuwa karibu na kwao kilikuwa kinashona mashati ya shule na ya walinzi, lakini matundu ya vifungo kilikuwa kinampa yeye. Hakuwa mwajiriwa. Alilipwa kwa tundu. Wafanyakazi wakamwita Mama Matundu, naye akaitika, kwa sababu alisema jina la kazi ni bora kuliko jina la umbea. Mimi nilikuwa nauzia kiwanda hichohicho vifungo na nyuzi, kwa hiyo tulikuwa tunakutana pale dirisha la malipo kama watu wa familia moja kwenye kliniki.

Mwanzoni alifanya kazi nyumbani. Ila umeme wa mtaani unajulikana, na kiwanda kilikuwa na jenereta. Oda zikiwa nyingi, bosi alimwambia alete mashine ndani, oda zikipungua arudi nayo. Akawa anaipeleka na kuirudisha kwa mkokoteni. Kuingia haikuwa shida. Shida ilikuwa kutoka. Mlinzi wa getini alikuwa na sheria yake moja aliyoipenda kuliko mkewe: kitu kisicho na namba ya kiwanda hakitoki bila barua ya meneja. Na meneja huyo kumpata ofisini ilikuwa kama kumpata sungura amelala. Siku moja shemeji alikaa getini kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili, mwenye mkokoteni anamhesabia kila nusu saa, mlinzi anakula karanga.

Mtunza stoo akamwonea huruma. Ni mtu mzuri yule, nasema hivyo hata leo, ingawa mke wangu hapendi nikisema. Akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika ubavuni mwa mashine: 47. Halafu, kwa kuwa namba haiwezi kuwepo bila kuandikwa, akafungua daftari la mali akaandika: mashine ya matundu ya vifungo, moja. Kuanzia hapo ikawa inatoka kwa kikaratasi cha stoo tu, kama vile vitu vya kiwanda vinavyokwenda kutengenezwa. Na kwenye kikaratasi mtunza stoo aliandika hivyohivyo, "inakwenda kwa fundi," kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuandika "inakwenda kwao."

Tulicheka sana. Shemeji akasema mashine imepata ajira kabla yake.

Malipo yakaanza kuchelewa taratibu, kama mtu anayeanza kuugua anavyochelewa kuamka. Mwezi, miezi miwili, mitano, saba. Mhasibu alikuwa na lugha moja, wiki ijayo, na aliisema kwa upole mpaka unamwonea yeye huruma badala yako. Mimi niliendelea kupeleka vifungo kwa sababu nikiacha, nani atanilipa vile vya nyuma? Shemeji aliendelea kutoboa kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka kumfunga mtu mzima bila kamba, kopa kwake. Ukitaka asiondoke kabisa, usimlipe.

Jumatatu moja tukakuta mnyororo getini na karatasi iliyobandikwa. Kampuni imekufa. Mashine namba arobaini na saba ilikuwa ndani.

Wiki tatu baadaye tukaitwa kwenye ukumbi wa shule moja, tukaketi kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Mbele alikuwa mfilisi, yaani mtu anayeletwa kampuni ikifa ili akusanye mali yake na kuigawa kwa wanaoidai. Kijana mtanashati, anaongea polepole. Akatueleza foleni ilivyo: kwanza benki, kisha kodi, kisha waajiriwa, na mwisho kabisa, kikibaki chochote, sisi. Mwenye lori aliyekuwa anasafirisha mizigo ya kiwanda akauliza huwa kinabaki nini. Mfilisi akasema huwa hakibaki. Mwenye lori akakaa akitazama mikono yake. Lori lenyewe lilikuwa la mkopo, na mkopo nao ulikuwa na wenyewe.

Shemeji hakuuliza habari ya pesa. Miezi yake saba ya matundu alikuwa ameshaizika kimoyomoyo, yule mwanamke hana uvivu wa kukubali. Alisimama akauliza anaweza kwenda lini kuchukua mashine yake.

Mfilisi akapekua. Akasema mashine ya matundu ipo moja, ina namba ya kampuni, imo kwenye daftari la mali la kampuni, na kuna vikaratasi kumi na tisa vinavyoonyesha kampuni imekuwa ikiitoa kwenda kwa fundi. Akauliza kama mama ana risiti.

Nikasimama mimi. Nikaeleza kuhusu fundi mzee, chaki, mlango, rangi ya kijani. Nilivyokuwa naeleza nikaona mwenyewe jinsi habari ya kweli inavyoweza kufanana na uongo wa mlevi. Mfilisi akaniuliza mimi ni nani. Nikasema shemeji yake. Akaandika kitu kifupi sana.

Basi akaitwa mtunza stoo. Alikuwa amekaa nyuma, kofia mapajani. Na hapa lazima niseme jambo ambalo wengi pale hawakulijua: alikuwa ameshaambiwa pembeni kwamba kiwanda kitafunguliwa tena, na stoo itahitaji mtu.

"Hii namba ni mwandiko wako?" mfilisi akamuuliza.

"Ni wangu."

"Wewe huwa unaandika namba ya kampuni kwenye vitu visivyo vya kampuni?"

Nje tulisikia watoto wanacheza mpira. Akisema ndiyo, amekiri kwamba daftari lake lote ni la kubahatisha, na hapo kila mmoja wetu angedai meza, feni na hata mlinzi. Akisema hapana, imekwisha. Aliigeuza kofia yake mapajani.

"Hapana," akasema.

 Shemeji alikaa chini, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyepanda gari na hajui anashukia wapi.

Miezi miwili haikuisha, geti likafunguliwa. Bosi yuleyule, jengo lilelile, mlinzi yuleyule na karanga zake. Jina la kampuni lilikuwa la zamani, ila wameliongezea neno "Mpya" mwishoni, kama mtu aliyenyoa ndevu ili wanaomdai wasimjue. Kampuni hiyo ilinunua kwa mfilisi vitu vyote vilivyokuwa ndani, kwa mkupuo, bei ya kutupa. Cherehani, ovaloki, meza, pasi, na namba arobaini na saba. Madeni hawakuyanunua. Hayo yalibaki kwa marehemu.

Nilikwenda na ankara zangu. Bosi akanipokea vizuri, akaniagizia soda, akauliza hali ya watoto. Halafu akasema kwa upole, "Ile ilikuwa kampuni nyingine, mzee wangu." Nikamuuliza kama na yeye alikuwa mtu mwingine, maana sura wamefanana. Alicheka kweli, akanipiga begani, na kabla sijaondoka akaagiza vifungo vipya. Na mimi nikamuuzia. Nilidai pesa mkononi kwanza, lakini nilimuuzia. Nasema hili ili usije ukafikiri katika habari hii mimi ndiye mwenye msimamo.

Shemeji naye aliitwa. Mtunza stoo ndiye aliyetumwa, akasimama mlangoni hataki kukaa. Bosi anampa kazi, sasa atakuwa mwajiriwa kamili, mshahara mdogo lakini wa kila mwezi, akae kwenye mashine kama zamani. Shemeji akamkaribisha chai, akamwacha ainywe hadi mwisho, kisha akamwambia apeleke jibu kwamba hawezi kuomba ruhusa ya kukalia kiti chake mwenyewe. Hakumtukana. Nadhani angemtukana, yule bwana angelala vizuri zaidi.

Akaanza kutengeneza matundu kwa mkono. Alikuwa anapita kwa mafundi wa mtaani kukusanya mashati, anakata kwa wembe, anazungushia uzi kwa sindano. Kwa mashine alikuwa anamaliza mia nne kwa siku. Kwa mkono, akijitahidi na mwanga ukiwa mzuri, thelathini. Binti yake alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na ada ya chuo haijui tofauti ya mia nne na thelathini.

Kumbe kiwandani nako mambo hayakuwa mazuri. Mashine ilikuwa imegoma. Mwanamke wa kwanza aliyewekwa pale alipasua mashati arobaini siku moja. Kisu kilikuwa kinashuka kabla uzi haujamaliza kuzunguka, kitambaa kinachanika. Wa pili akaacha kazi. Wa tatu akaachishwa. Wakaleta fundi wa mashine, akaifungua, akaifunga, akadai pesa zake, na mashine ikaendelea na tabia yake. Vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Wote walikuwa wamemwona shemeji akiifanyia kazi miaka, wanakumbuka mikono yake ilivyokuwa inakwenda, na wanafanya vilevile, lakini wapi.

Habari hizi alikuwa ananiletea mtunza stoo. Jumanne moja akanifuata dukani, akanunua sindano mbili ambazo hakuzihitaji, akaniambia bosi amechoka. Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja kuchukua takataka za uani, na mashine ya matundu itakwenda naye kwa kilo. Akasema kama nitakuwepo getini na mkokoteni na pesa isiyofika bei ya mashati kumi, atahakikisha inaangukia kwangu. Aliongea akitazama chini. Nikamwambia nimemsikia.

Siku hiyo nilikuwa na furaha ya kipuuzi, naimba dukani. Nikachangisha. Kidogo changu, kidogo cha mke wangu, kidogo cha binti wa shemeji aliyesema, "Baba mdogo, toa kwenye ile ya ada, mashine ikirudi ada itarudi." Nilimweleza shemeji Jumatano.  Alikwenda akasogeza kitanda kutoka ukutani, akapima nafasi kwa shubiri, akafagia pale chini. Akauliza kama mkokoteni una matairi mazima.

Alhamisi alasiri nikapita kwake na bahasha ya pesa, nataka kumringia. Nikakuta mlango wazi. Mezani wamekaa wanawake wawili, shemeji na mwanamke mwenye mimba kubwa, na chini ya meza kumefungwa mwiko wa ugali kwa mpira, umening'inia. Mwanamke anausukuma mwiko kwa goti la kushoto, shemeji anamhesabia. Nikafikiri ni mchezo. Nikauliza kama siku hizi ugali unasongwa kwa magoti. Hakuna aliyecheka.

"Tena," shemeji anamwambia. "Ushikilie. Usiachie. Uzi bado unazunguka. Bado. Sasa achia."

Ndipo nikaelewa. Springi ya kisu ilikuwa imechoka tangu enzi za yule fundi mzee, na chini ya meza ya ile mashine kuna mkono wa chuma unaoinua kisu. Miaka yote hiyo shemeji alikuwa anausukuma na kuushikilia kwa goti, ndani ya sketi, mpaka uzi umalize, halafu anaachia. Watu wote walitazama mikono. Hakuna aliyetazama goti. Mimi mwenyewe, shemeji yake wa miaka ishirini na mitano, sikujua.

Alimrudisha mwanamke yule kwenye mwiko mara labda hamsini, mpaka akaacha kukosea. Akamwelekeza na mengine, azungushe gurudumu kwa mkono mara tatu asubuhi kabla ya kuwasha, mafuta asiweke mengi. Mwanamke akashukuru, akashika kiuno, akainuka kwa shida, akaenda zake. Hakujua lolote kuhusu Jumamosi wala kuhusu bahasha iliyokuwa mfukoni kwangu.

Alipotoka nikafunga mlango. Sikumbuki kumfokea shemeji kabla ya siku hiyo. Nikamwambia ilikuwa imebaki siku mbili. Siku mbili tu anyamaze, mashine ingekuwa pale, na nikamwonyesha ile nafasi aliyofagia.

"Siku mbili zangu au zake?" akaniuliza.

Nikasema yule ana mdomo, atapata kazi kwingine.

"Ni mke wa mwenye lori, shem. Lori wamelichukua. Kiwandani wamemweka yeye wa nne kwenye ile mashine, wamempa mpaka kesho jioni, isipokubali na yeye aondoke. Ana miezi saba. Alikuja hapa hajala." Akaanza kufungua ule mpira kwenye mwiko, ukamkatalia, akauvuta kwa meno. "Ningemwambia nini? Kwamba sijui?"

Leo nina majibu mengi. Nimekuwa nikiyapata mengine mapya tangu siku hiyo, mazuri kweli.  Siku ile niliiweka tu bahasha mezani, akanirudishia. Nilipogeuka kutoka, alikuwa ameinama anasukuma kitanda kurudi ukutani, nikaweka kila kitu chini nikamsaidia. Wala hatukutazamana.

Ijumaa mashine ilikubali, mke wa mwenye lori akabaki kazini. Jumamosi mnunuzi wa vyuma alibeba feni mbili na fremu za madirisha. Mtunza stoo alinitafuta kwa macho pale getini, lakini sikwenda.

Binti aliahirisha chuo mwaka mmoja, ukawa miwili. Sasa anauza dawa kwenye duka la mtu, na anasema atarudi. Mwenye lori na mkewe walipata mtoto wa kike, wakatuletea habari, tukaenda kumwona, shemeji akampelekea vigauni viwili vyenye matundu ya mkono ambayo ukiyatazama unaona haya kuyafungua. Wakati huo macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Thelathini yakawa ishirini.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kupima miwani. Wakati wa kurudi tukapita uchochoro wa nyuma ya kiwanda, kwa sababu barabara kubwa ilikuwa inachimbwa. Ukuta ule una madirisha juu, yenye wavu. Tulipofika katikati shemeji akasimama. Mimi nilisikia kelele za kiwanda tu, cherehani nyingi pamoja, kama mvua kwenye bati. Yeye alikuwa amekwisha kuichambua ile mvua, amepata tone moja, namba arobaini na saba. Kichwa amekiinamisha upande, miwani mpya bado ina karatasi ya bei. Alisikiliza muda wa matundu kama matano hivi.

"Ameizoea," akasema.

Nikatafuta utani wa kumpa. Mimi huwa sikosi. Nikatafuta mpaka mwisho wa ukuta, halafu nikamshika mkono, tukavuka.